Moto wa Ghorofa ya Pili

Hockley, Birmingham
16 Novemba 2025

Kwa Shangazi Roselyne,

Natumai barua hii itakukuta goti limepunguza maumivu. Mama alinisomea ujumbe wako kwamba mvua inaharibu mahindi yaliyokwisha kukauka shambani; tumekuombea. Sisi tu wazima, ila tumechoka. Mama ana zamu ndefu hospitalini, nami tangu nimalize shule nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Great Barr. Nikirudi, viatu navivulia ngazini.

Kanisa letu limepanga ghorofa ya juu ya jengo la zamani hapa Hockley, lililokuwa kiwanda cha pamba. Mwaka huu jengo limetimiza miaka mia na ishirini, na wapangaji wakaandaa sherehe. Mchungaji Kimani akaniambia niandike historia yake, ukurasa mmoja, niisome mbele ya watu. Nilitaka kukataa. Unanijua; nikisalimiwa na watu watatu kwa pamoja natafuta mlango. Lakini alikwisha kutangaza ibadani.

Magazeti ya maktabani yalinipa habari. Wanawake mia mbili walifuma kanda na utepe humo, hadi mwaka 1978 moto ulipoteketeza ghorofa ya pili, kiwanda kikafungwa. Ilisemekana Myemeni mmoja, Omer, alivuta sigara ngazini. Alifukuzwa, na hakuna kiwanda kilichompokea tena.

Kumbe kazini kwetu yupo Bibi Bhavini, Mgujarati wa miaka themanini na mbili, aliyefuma humo miaka kumi. Nilipomuuliza alifurahi. Alisema vumbi la pamba liliwatia wote mvi kabla ya chai ya saa nne, na kwa kelele za mashine walisemezana kwa midomo tu, bila sauti. Alinitania kwamba mimi wangenipandisha cheo mara moja, maana nasema kwa sauti isiyosikika, kama mtu aliyezaliwa katikati ya mashine.

Siku ya tatu nilimtajia Omer. Aliangalia mlango, kisha akanisemesha kwa midomo, polepole, hadi nikaelewa. Siku ya moto ilikuwa sikukuu ya Wahindu ya kubariki vyombo vya kazi. Yeye mwenyewe, Bibi, aliwasha taa ndogo ya samli chini ya mashine yake, kama mama yake alivyofanya kwa cherehani, akaenda kunywa chai. Nyuzi zilizotapakaa sakafuni zikashika moto. Omer hakuwa hata karibu. Lakini Bibi Bhavini alikuwa na watoto wawili wadogo, akaogopa kifungo, akanyamaza. Sasa aliniomba niandike ukweli, pamoja na jina lake. Omer amekufa, lakini binti yake, Shemsa, ana duka la ushonaji ghorofa ya chini ya jengo lilelile.

Nikaandika upya. Mchungaji alikuwa amekwisha kuchapisha ukurasa niliompa mwanzoni, nakala mia, akasema watu wanakuja kula, hawaji kusikiliza kesi. Hakunilazimisha, Shangazi, nisimsingizie. Nilisimama na karatasi zote mbili mkononi, Shemsa amekaa mstari wa mbele, nikasoma ile ya sigara. Nilipotaja jina la baba yake aliinama, akafunga mkoba wake taratibu, akatoka kabla ya chakula.

Hilo si lote. Jumatatu Bibi Bhavini aliniuliza kama nimesoma. Nikasema ndiyo. Akauliza kama Shemsa alisikia. Nikasema alisikia, na amesamehe. Alinishika mkono akalia hadi akasinzia. Tangu siku hiyo, kila mchana ananiomba nimchane nywele, kwa kuwa huenda Shemsa akaja kumwona. Namchana. Sijapata kuchoka namna hii.

Mama sijamwambia, wewe ndiye wa kwanza. Kesho sina zamu. Duka hufunguliwa saa tatu asubuhi. Nitampelekea Shemsa karatasi ya pili, nimsihi twende wote Great Barr. Akikataa, nitakwenda peke yangu nimwambie Bibi kwamba nilimdanganya, nikae naye hadi atakaponifukuza.

Nisalimie Babu, na Tevin umwambie daftari zake bado ninazo. Ukitaka kunigombeza, tafadhali uniandikie. Simu Mama huiwekea sauti nyumba nzima isikie.

Akupendaye na kukuheshimu,
Audrey Achieng