Kamera Chini ya Meza

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia, na miwani haijapotea tena juu ya kichwa chako mwenyewe. Mama hajambo? Mwambie kikohozi kimeniacha, na lile sweta alilonifumia nalivaa mpaka mwenzangu wa chumbani ananiuliza kama nilizaliwa nalo. Mimi sijambo. Nakula, nalala na nasoma, na hilo la kusoma ndilo lililonishikisha kalamu leo.

Barua yangu ya mwisho nimeipata. Nasema yangu kwa sababu ulinirudishia ileile, imejaa wino mwekundu kama daftari la mtoto wa darasa la nne. Ahsante kwa koma. Nakiri pia kwamba niliandika "nime fika" kwa kulikata neno vipande viwili, aibu kubwa kwa mtoto wa mwalimu mkuu. Mwenzangu, anayesomea uuguzi, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akauliza kama unaweza kumsahihishia na yeye insha. Masahihisho yako nimeyakubali yote isipokuwa moja, nitalieleza.

Chini kabisa, mahali pa alama, uliandika kwamba hukunipeleka chuo kikuu nikatazame mazimwi, na kwamba nibadilishe mada kabla muhula haujaisha, la sivyo nisikanyage nyumbani likizo. Ukamalizia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Baba, sibadilishi. Nimelisema mapema ili usihangaike kulitafuta huko mwisho, na guu langu bado ni zima. Wewe ndiye uliyenipa jina la Mbishi kabla sijaota meno yote, kwa hiyo usijifanye umeshtuka.

Waliokueleza ninachosoma wamekueleza nusu. Nasoma kazi za mwongozaji mmoja wa sinema, mwanamke wa rika lako, ambaye sisi wanafunzi tunamwita Bi Kimya kwa kuwa watu wake hawaongei sana. Hajatengeneza sinema ya kutisha hata moja. Zake ni za familia: ndugu wanaogombea cherehani ya marehemu mama yao, mke anayepanga sahani huku akimsubiri mume arudi kazini. Hakuna damu, hakuna mzimu, hakuna anayepiga mayowe. Hata hivyo watu hukaa ukumbini wameng'ang'ania viti. Mwenzangu, ambaye mchana kutwa husafisha vidonda bila kupepesa jicho, aliitazama ile ya sahani kupitia upenyo wa vidole. Nilipomuuliza anaogopa nini, alisema hajui, ila yule baba asiingie tu.

Swali langu ndilo hilo: hofu ile ameitoa wapi? Nimeshinda katika chumba cha chini cha maktaba, hedifoni masikioni, nikisimamisha picha na kuirudisha nyuma, mpaka kitufe kikafutika maandishi. Nikaona kwamba ameazima karibu kila kitu kutoka sinema za kutisha. Sauti humtangulia mtu, unausikia ufunguo kabla hujamwona mwenye ufunguo. Milango huachwa wazi kidogo. Na kamera huwekwa chini sana, karibu na sakafu, hivi kwamba mtu mzima akiingia unaona viatu tu.

Msimamizi wangu alifurahi. Aliniambia nitafute sinema za kutisha alizowahi kutazama Bi Kimya, nioanishe picha kwa picha, na shahada ni yangu. Nami nilidhani ni rahisi hivyo. Nikamwandikia Bi Kimya, akakubali nimtembelee.

Chumba chake cha uhariri kiko juu ya duka la rangi na kinanuka tina ya kuzimulia rangi. Kina pazia zito, kochi lililobonyea katikati, na birika linalojizima kabla maji hayajachemka. Alinimiminia chai ya vuguvugu bila kuomba radhi. Sinema za kutisha, alikiri, amezitazama tangu utotoni akitoroka shule (usichukie, ni yeye, si mimi), na akanitajia nyingi nisizowahi kuzisikia. Nilimuuliza alizipendea nini. Akasema katika sinema nyingine zote za wakati ule watoto walimkimbilia baba mlangoni wakicheka, naye akidhani kwamba ni kwao peke yao ndiko kuna kasoro. Za kutisha ndizo pekee zilizokiri kwamba nyumba yaweza kuogopesha. Tena zilikuwa na huruma, kwa sababu mwishoni taa ziliwashwa na kila mtu akaenda zake.

Hapo nikamuuliza ile kamera ya chini aliiona katika sinema ipi. Aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Hiyo sikuiona kwenye sinema, mwanangu. Hiyo ni chini ya meza ya kwetu."

Nilirudi bwenini na sura nzima ya tasnifu kichwani, nikaiandika bila kula. Msimamizi alipoisoma alisema imeandikwa vizuri lakini niitoe, kwani meza ya mtu si marejeo. Akaniuliza nina hakika gani kwamba picha ile ni jicho la mtoto aliyejificha, si ufundi wa kamera tu. Nilimjibu kwamba nina shahidi. Akataka kujua ni nani. Nikamwambia ni mimi. Aliifunika kalamu yake, na sura ikabaki.

Baba, hapa ndipo mkono umekuwa ukigoma. Vile viatu vyako vyeusi, kisigino cha kulia kimelika upande wa nje. Nakijua kisigino hicho kuliko ninavyoijua sura yako ya ujanani. Ufunguo ulipolia kitasani, redio ilizimwa. Mama alisimama hata kama ndiyo kwanza ameketi. Dada alinivuta mkono, na sote wawili tukawa chini ya meza, kitambaa kimeshuka, tukisubiri viatu vituambie leo umerudi vipi. Vikipitiliza chumbani, tulitoka. Vikisimama, hatukupumua. Sitakusingizia: hukutupiga sana, hatukulala njaa, na karo haikuchelewa. Lakini hata zimwi la sinema mara nyingi halimgusi mtu. Linasimama tu nyuma ya mlango, na kila aliyemo ndani anaacha kuishi mpaka liondoke.

Wageni walipokuja, ulijivunia kwamba watoto wako hawasikiki. Na katika barua ile uliyonirudishia, pale nilipoandika kwamba tulilelewa kwa woga, ulilikata neno kwa mstari ulionyooka, ukaandika juu yake: heshima. Hilo ndilo sahihisho nililolikataa. Nakuheshimu, Baba, na nakupenda, ndiyo maana nina uwezo wa kuyatofautisha maneno hayo mawili.

Yangekuwa ya zamani tu, ningeyaacha katika tasnifu, ambayo najua usingeisoma. Lakini dada amenipigia simu. Anasema alipokuja na mwanawe kuwatembelea wewe na Mama, siku ya kwanza mjukuu wako alimwaga maziwa ukamkaripia. Kesho yake ulitoka, na uliporudi, ufunguo ulipolia kitasani, mtoto alishuka kwenye kiti akaingia chini ya meza. Hakuna aliyemfundisha. Wewe ulicheka, ukasema watoto wanapenda kujificha. Dada naye alicheka, kisha akaenda bafuni akafungulia bomba ili asisikike akilia.

Kwa hiyo likizo nakuja. Ruhusa hukunipa, lakini nyumba ile ni ya Mama pia. Nitagonga mlango, nitaingia, na nitakaa juu ya kiti. Utetezi wa tasnifu yangu uko wazi kwa kila mtu, na ukipenda kuja nitakuwekea nafasi mbele. Usipokuja nitaitetea vilevile, pamoja na ile sura.

Nina ombi moja tu. Siku mjukuu wako akiingia tena chini ya meza, usimwite atoke. Vua viatu, uiname, uingie ukae naye, uiangalie nyumba yako kutokea pale.

Nisalimie Mama sana, na umwambie haya yote nimeyaandika mimi, hakunituma. Mwenzangu wa chumbani anakusalimu na bado anasubiri kuhusu insha yake. Sasa waweza kuichukua peni nyekundu, maana koma nimezitia kwa kubahatisha. Lile neno nalirudia hapa, kwa mwandiko ulionifundisha mwenyewe, na ukilikata nitaliandika tena: woga.

Mwanao, mtiifu kwa mengine yote,

Mbishi