Nikirekebisha, Kosa Linakuwa Langu

Alhamisi, Gisenyi. Mvua imekatika, hasira bado.

Leo nimeaibishwa mbele ya mteja na mtu niliyekuwa namwita ndugu yangu.

Nieleze taratibu, nisije nikavunja kibodi bure. Mimi na Patient tunamtengenezea Mama Nadine tovuti ya nyumba yake ya wageni, pale juu kidogo ya ziwa. Patient amekulia Goma, mimi Ngara, na kazi tuligawana. Yeye anaandika JavaScript ya mbele, ile anayoiona mgeni: ukurasa mmoja tu unaojibadilisha kila ukibonyeza. Mimi naandika PHP ya nyuma, kwenye seva, panapokaa vyumba, bei na nafasi.

Asubuhi tukaenda kumwonyesha. Mama akafungua kwenye simu yake, akabonyeza vyumba, akafika kwenye chumba kinachotazama ziwa, akacheka kwa furaha. Mara simu ikanasa mtandao wa Congo, kama zinavyofanya simu zote za hapa mpakani, picha zikagoma. Mama akafanya tunachofanya sote mji huu: akavuta ukurasa chini ujipakie upya.

404. Ukurasa haupo.

"Eh! Chambre yangu imeenda wapi?"

Patient hata mate hakumeza. "Ile iko côté ya Rehema, Mama. Ya kwangu yote iko bien."

Jamani! Côté ni upande, na Rehema huyo ni mimi.

Anwani ya chumba kile aliitunga yeye, ndani ya JavaScript yake. Ukitembea kwa kubonyeza, JavaScript inakupeleka. Ukipakia upya, swali linakuja kwa PHP yangu, na PHP yangu haijawahi kuisikia anwani hiyo. Nilimwomba tangu mwanzo tukae tuziunganishe pamoja. Akaniambia, "Rehema, we shika yako, mi nashika yangu." Mtu aliyekulia mpakani, asijue kwamba hapa watu wanapakia upya kutwa nzima!

Haya, hata mimi sikujaribu kupakia upya. Lakini sikumnyooshea mtu kidole.

Mama alitutazama mmoja mmoja. "Batoto yangu, mi sijui mambo ya côté. Kesho mukirudi na iko vile vile, nitatafuta bengine." Akaenda jikoni kuangalia sambaza zake, vile vidagaa vya ziwani. Mimi nikapanda moto, pikipiki ya abiria, bila kumsubiri Patient, nikanyeshewa njia nzima.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki: dawa yake ni mstari mmoja. Naiambia PHP, anwani yoyote usiyoijua usiikatae, toa ukurasa wa kwanza, JavaScript itajua pa kwenda. Mstari huo unaandikwa upande wangu.

Nikiuandika, Patient atasema, si mnaona? Nisipouandika, tumempoteza Mama, na hii ndiyo kazi yetu ya kwanza ya maana. Nimenuna mchana kutwa, chai ikapoa, mama yangu akaniuliza nani kafa.

Jioni nimeuandika. Nimepakia upya, chumba kimebaki mahali pake. Nikamtumia Patient ujumbe kwamba imepona.

Jibu lake: "Voilà! Si nilisema iko PHP?"

Wallahi nilitaka kuitupa simu ziwani.

Nimempigia Mama Nadine, nimemwambia kesho tunafika wote wawili. Patient atashika simu mwenyewe, atapakia upya kwa mkono wake, na mimi nitamuuliza hapo hapo, Mama akisikia: ile anwani aliitunga nani? Akisema ukweli, yameisha, tutafanya kazi meza moja. Akirudia habari ya côté ya Rehema, basi naondoka na côté yangu, PHP yote. Abaki na ukurasa wake mzuri, amwonyeshe Mama nyumba ya wageni isiyo na chumba hata kimoja.