Mwaka Mmoja Bila Mzee Shitanda, Aliyejifunza Kulenga kwa Mkono wa Kushoto

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu asubuhi ile ya Septemba 1998 ulipotuacha.

Kwa miaka ishirini na minane uliendesha mashine katika kiwanda cha sabuni, Industrial Area. Ovaroli yako uliifua na kuipiga pasi mwenyewe. Jumapili uliimba besi kanisani, macho umeyafumba. Ulikuwa mpole kwa kila mtu isipokuwa mmoja, na kwa kuwa ulitulea tuseme kweli, tutasema.

Wacuka alipoolewa na mwanao Masinde, hukuja harusini. Hakuwa wa kabila letu, nawe ulikuwa umemchagulia mwanao msichana wa kwetu Malava. Kwa miaka miwili Wacuka alikusalimu nawe ukaitikia ukitazama ukuta. Ukitaka chumvi mezani, ulimwambia Masinde amwambie.

Kisha kiharusi kikakupiga. Mkono wa kulia ukafa ganzi, ulimi ukawa mzito. Masinde akakuchukua kwake mtaani Pipeline, ghorofa ya tatu. Alikuogesha kabla ya kwenda kazini, na mchana kutwa mlibaki wawili, wewe na Wacuka. Alikuwekea uji na dawa mezani, akarudi jikoni upesi. Alikuonea huruma, lakini pia alikuogopa.

Kaka yake Bedan, muuzaji wa televisheni za mitumba, ndiye aliyemletea mashine ya gemu na bunduki mbili za plastiki. "Itakuondolea mawazo," alimwambia. Wacuka alicheza amesimama, sauti ameipunguza asikuudhi. Majambazi walichomoza nyuma ya mapipa kwenye kioo cha televisheni, naye akawafyatulia. Ulitazama wiki nzima.

Alhamisi moja risasi zilimwishia. Kuzijaza ilibidi aelekeze bunduki pembeni ya kioo na kufyatua, naye alisahau.

"Jaza," ulisema.

Wacuka aligeuka, akidhani amesikia vibaya.

"Jaza, mama. Watakuua."

Ukiacha kuitikia salamu, hayo yalikuwa maneno yako ya kwanza kwake. Alienda jikoni, akafungua bomba usimsikie akilia. Aliporudi alichomeka bunduki ya pili, akailaza kwenye kochi karibu na mkono wako wa kushoto.

"Baba, hawa wa upande huo ni wako."

Mwanzoni ulikosa kila kitu. Uliwapiga hata mateka mliotakiwa kuwaokoa, na ukasikitika kweli. Lakini hukuacha. Kila siku baada ya chai ya saa nne ulikaa kwenye kochi, yeye kwenye stuli karibu na mlango, kwa heshima ya mkwe na mkaza mwana, nyote macho kwenye kioo. Kwa kuwa hamkulazimika kutazamana, mliweza kuzungumza. Ulimwuliza hali ya mama yake. Ulimsimulia habari za marehemu mama yetu, mambo ambayo sisi wenyewe hatukuwahi kuyasikia. Ulimi ukazidi kuwa mwepesi.

Siku moja, katikati ya mapambano, ulisema, "Nilikukosea. Nilikukataa kabla sijakujua."

Wacuka hakugeuza kichwa. "Yamepita, Baba. Angalia dirisha la juu."

Ukaangalia, ukafyatua, ukampata.

Agosti dada yako Nakhumicha alikuja kutoka Malava kukuchukua. Alisema mgonjwa hutunzwa na watu wake. Ulimsikiliza hadi mwisho, kisha ukamwonyesha Wacuka kwa mkono ule mzima. "Watu wangu wako hapa," ulisema. "Huyu ni binti yangu." Shangazi alirudi peke yake, na hakufurahi.

Kiharusi cha pili hakikukupa nafasi.

Siku ya mazishi, mzee mmoja wa ukoo alisoma majina ya watoto wako, akamruka Wacuka, aliyekuwa amesimama nyuma na wapishi. Shangazi Nakhumicha aliinuka, akamwomba karatasi, akaandika jina kwa mkono wake, akamrudishia. "Soma tena," alisema. "Marehemu aliniambia mwenyewe." Akaenda nyuma, akamshika Wacuka mkono, akamleta mbele karibu na jeneza.

Pumzika, Baba. Miaka itapita, lakini wewe hutatutoka moyoni.

Unakumbukwa na mwanao Masinde, binti zako Ayuma na Wacuka, dada yako Nakhumicha, Bedan, na waimbaji wenzako wa besi.