Jina la Baba Ubaoni

Singida, 5 Machi 2024

Shangazi Dorika,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na alizeti za Mungaa zinapata mvua. Mimi ni mzima, ila nimekosea kazini.

Hapa mahakamani ninapofanya ukarani kuna mvulana wa miaka kumi na tatu aliyemtendea vibaya kingono binti mdogo wa jirani. Afisa ustawi, Bwana Chediel, ameomba asishtakiwe: aende kwa mshauri akatibiwe tabia hiyo, na ahamie kwa mjomba wake, mbali na binti. Mama wa binti alikubali kwa sharti moja, kijiji kisijue.

Jana nilibandika orodha ya mashauri kwenye ubao wa nje, ombi hilo likiwemo. Mtoto nilimwandika kwa herufi tu, kama inavyotakiwa. Kisha, kwa kupenda unadhifu, nikajaza jina la baba na kijiji. Niliibandua baada ya saa moja. Mzee mmoja wa kwao alishaisoma. Mama wa binti akighairi, mvulana atashtakiwa. Nami kazini sina hata mwaka. Ninyamaze?

Mwanao, Aneth

Mungaa, 8 Machi 2024

Mwanangu Aneth,

Marahaba. Mgongo umepoa, ulimi bado. Tangu mdogo ukivunja chungu unakimbilia kwenye alizeti, na miguu yote tunaiona! Nenda kwa hakimu, kisha kwa huyo mama. Barua hii anakuletea Idrissa wa basi. Usimpe jibu, kwanza nenda.

Shangazi yako

Singida, 20 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe ukimya, uliniambia kwanza niende.

Hakimu alinikaripia, akaniandikia onyo. Kisha nikafuatana na Bwana Chediel kwa mama yule. Tulikuta wazee wa ukoo wa mvulana wameshafika na mbuzi wa fidia, ili mambo yaishe nyumbani. Nikapiga magoti. "Mama, aliyeandika ni mimi."

Alinitazama sana. "Tangu asubuhi naambiwa 'watu wamesema'. Wewe ndiye wa kwanza kusema 'ni mimi'." Akawageukia wazee: "Rudini na mbuzi wenu. Mbuzi hafundishi mtoto. Aende akatibiwe. Ila binti yangu apate mshauri wake kwanza."

Binti alimpata. Mvulana yuko kwa mjomba. Kila Alhamisi anafika kwa mshauri, hajakosa hata moja. Binti amerudi shule. Jana mama yake alipita dirishani kwangu, akaniuliza kama nimekula.

Orodha sasa naisoma mara tatu. Alizeti vuneni tu, shangazi. Sijifichi humo tena.

Mwanao, Aneth