Tata Asajile, Nani Alikupima Wewe?

Tata Asajile,

Ulianguka ukiwa umeushika mkono wa Bibi Sekela wa Masoko. Mpaka leo nikifumba macho nakiona kile kitambaa cha presha kinaning'inia, hujamaliza kukifunga. Ulikuwa unacheka. Ukasema, "Atupele, niletee..." Ukaishia hapo.

Nilidhani umeteleza. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na baraza lilijaa tope. Nilipokuinamia nikaona upande mmoja wa uso wako umelegea, na jicho linanitazama kama halinijui.

Pale hospitali daktari aliniuliza, "Alikuwa anatumia dawa gani ya presha?"

Nikamjibu, "Huyu ndiye anayepima watu."

Akanitazama, akarudia swali lake polepole, kama anaongea na mtoto. Dawa gani? Jioni ile ile ukaondoka.

Mimi sielewi, Tata, baba yangu wa kazi. Naandika hivi na bado sielewi. Wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii ya kuwafuata watu wale wale, tangu wakiwa na nywele nyeusi mpaka mvi, tujue kwa nini mmoja anapanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani na mwenzake wa rika lake hawezi kushika kikombe cha chai. Wewe ndiye uliyeona mapema kwamba tangu serikali iruhusu biashara huria na mafuta ya kupikia yajae madukani, ndizi tulizokuwa tunachemsha sasa zinakaangwa, na presha zinapanda. Ulilisema kila kikao, mpaka dereva wetu akawa anakuigiza. Wazee wakikuuliza, "Mtatufuata mpaka kaburini?" unawajibu, "Nawafuata ili mchelewe kufika." Wanacheka, wanakunja mikono ya mashati.

Tukakuzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba yako. Watu walitoka Masoko, Mpuguso, hata wale wenye maduka wa mtaa wa Bagamoyo hapa mjini Tukuyu walifunga wakaja. Nilikaa na Mama, mkeo, jikoni. Akaniambia kichwa kilikuwa kinakuuma muda mrefu. Ulikuwa unanunua vidonge vya maumivu kwenye yale maduka mapya ya dawa, unameza, unachukua baiskeli unakwenda. Alipokusihi ujipime ulimwambia, "Mimi si ndiye mpimaji? Ningekuwa mgonjwa ningejua."

Nilikasirika, Tata. Nisamehe, nilikasirika mbele ya kaburi bichi.

Lakini hilo silo lililonifanya niandike. Ni mambo ya Mpuguso.

Tulirudi kazini baada ya matanga. Wazee walikuja wote, ila hakuna aliyekaa kwenye kiti cha kupimiwa. Walisimama ukutani, wamejifunga mablanketi. Mzee Gwakisa ndiye aliyesema. "Aliyetukataza chumvi ametangulia. Sasa wewe binti unataka tukusikilize nini?" Wengine wakaitikia. Mmoja akaanza kuondoka. Nikajua wakitoka siku ile hawarudi tena, na kazi yako yote imekwisha.



Ndipo Bibi Sekela akaingia. Alikuwa ametoka Masoko kwa ajili yetu, viatu kavishika mkononi. Hakuwasalimia. Alikuja moja kwa moja kwangu. "Yule baba alikuwa ameshika mkono wangu," akasema. "Mimi nilipimwa miaka yote, nipo. Yeye hakupimwa. Hamlioni hilo?" Kisha akanigeukia. "Haya. Wewe umepimwa lini?"

Akanisogezea kile kiti.

"Kaa."

Nikakaa, mbele yao wote. Mwenzangu Subilaga akanifunga mkono. Nilikuwa natabasamu, Tata, maana mimi ni mwembamba, natembea kutwa, na umri wangu unaujua. Subilaga akasikiliza, akaachia upepo, akajaza tena. Akabadilisha mkono. Nikaona midomo yake imekuwa myeupe. Akanong'ona, "Dada, iko juu. Juu sana."

Hakunong'ona vya kutosha. Bibi Sekela alisikia, akapiga kofi moja kwenye paja. "Mwe!" Mimi nilitazama tu mkono wangu, kama ni wa mtu mwingine.

Mzee Gwakisa ndiye aliyenishika bega. "Nyanyuka, mwanangu," akasema, "na mimi nikae." Waliobaki wakapanga foleni nyuma yake. Hata yule aliyekuwa anaondoka alirudi.

Sasa natumia dawa. Kichwa kilichokuwa kinanigonga asubuhi, ambacho nilidhani ni baridi ya Tukuyu, kimetulia. Daktari ni yule yule. Aliponiuliza dawa gani natumia, nilimtajia.

Mama yupo. Ameanza kula. Nilimpima jikoni kwake, yuko sawa, ila ameniomba nisimwondolee haraka kile kitambaa. Alisema kinambana kama mtu anayemshika mkono. Tukakaa hivyo, sisi wawili.

Pumzika, Tata Asajile. Nilikuogopa kama mwalimu na kukupenda kama baba, na sidhani kama niliwahi kukwambia. Ndaga fijo, asante sana. Nakuahidi kila nyumba nitakayoingia, nitawauliza wanaouguza, wanaopika, wanaobeba wenzao, wale ambao hakuna anayewauliza: na wewe, umepimwa lini? Nitaanza na dereva wetu, kesho asubuhi, kabla hajawasha gari.

Mwanao wa kazi,
Atupele