Skripti ya Papa Aline

Bukavu, Jumanne jioni

Imetembea! Mwishowe imetembea, skripti imefanya kazi.

Tangu asubuhi programu yangu ya Java ilikuwa inaita skripti, programu ndogo ambayo mume wangu, baba wa binti yetu Aline, aliiandika kabla ya kwenda Kampala kutafuta kazi, ile inayotuma majibu ya vipimo vya labo yetu ya Nyawera hadi kituo cha afya cha Walungu. Nikiiendesha mwenyewe kwenye mashine, inamaliza mara moja. Java ikiianzisha, inakwama katikati bila kuonyesha kosa lolote. Na kule Walungu muganga alikuwa anangoja majibu ya mama mjamzito mwenye homa kali.

Sikutaka kumpigia Papa Aline. Nikisikia sauti yake, siku nzima sifanyi tena kitu. Lakini yule mama…

Nikapiga.

"Maman Aline, unasomaka ile mambo skripti inaandika?"

"Hapana. Nangojaka tu imalize."

"Njo maana inakwama. Inaandika mingi, fasi ya maandishi inajaa, inabaki kungoja mutu asome. Soma kwanza, kisha ungoje."

Nikaongeza mistari michache ya kusoma. Majibu yakaenda. Baadaye muganga akaandika kwamba mama ameanza dawa. Nilicheka peke yangu mu bureau ya labo.

Nilimpigia tena kumwambia asante. Nilitaka kumuuliza atarudi lini, lakini akanitangulia:

"Aline ananiulizaka?"

"Ndiyo, kila siku."

Kisha rezo ya simu ikakatika.

Aline ameacha kuuliza. Ni mimi tu ninayeuliza bado.