Uzio wa Mamba Tumeumaliza Bila Wewe

Habiba, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara,

Uzio umekwisha. Nakuambia hilo kwanza, maana najua ungeniuliza kabla hata ya salamu.

Mto ulipofurika ulizoa kila kitu: nguzo, miiba, hata gogo tulilokuwa tukikalia tukingoja zamu ya kuteka maji. Tukahamia kambini, kando ya barabara ya Garsen, na homa ikakukuta huko chini ya turubai. Maji yalipopungua sisi tulirudi nyumbani, wewe tukakuacha kaburini kule juu. Mpaka leo nikifungua mlango asubuhi natega sikio, labda nitakusikia ukigombana na mbuzi wako.

Unaukumbuka uzio wetu wa kwanza? Mamba alikuwa amenyakua mbuzi pale pale watoto wanapojazia mitungi. Sisi Wapokomo tulikuwa na miti, na kuingia majini ni jadi yetu. Ninyi Waorma mlikuwa na mikokoteni ya punda na miiba ya ule mti wa mathenge. Lakini nani amwite mwenzake? Ukavuka barabara wewe, mwanao Halima mgongoni, ukanikuta natwanga. "Mama Amani, mamba ile haijui nani Mpokomo nani Orma. Yeye nakula tu. Twende."

Tangu siku hiyo, kila mto ulipobomoa ule uzio wa kuzingira pa kutekea maji, familia za pande zote mbili ziliteremka pamoja. Wanaume walisimamisha nguzo maji yakiwafika kifuani, kina mama tukafunga miiba, watoto wakabaki ukingoni na ndizi zetu za kuchemsha na maziwa yenu yanayonukia moshi. Wewe hukuwahi kulowesha hata pindo la deraa. "Mimi mtu ya ng'ombe," ulisema, "maji najua ya kikombe." Ndiyo maana ukapewa debe. Ulikaa juu, macho mtoni, ukiligonga ili mamba wakae mbali. Ukiona kitu kinaelea, ulilipiga mfululizo na sote tukatoka mbio, kumbe gogo! Tulikucheka mpaka mbavu zikauma. "Cheka," ulitujibu, "lakini cheka nje ya maji."

Na jioni ulituita majina, mmoja mmoja, kila mtu aitike akiwa nchi kavu. Mwisho ukajiita mwenyewe, "Na Habiba?" na kujijibu, "Yuko hapa, kavu kama kuni!" Watoto walikuwa wakingojea hapo tu. Wakishacheka, ndipo tunaondoka.

Mwaka niliomzika mama yangu, nilikuja kazini hivyo hivyo na msiba wangu. Ukaniketisha karibu yako, nikajifunika uso na leso nikalia. Ukaivuta ile leso. "Lia, dada. Lakini jicho usifunge. Watu iko ndani ya maji."

Safari hii hakuna aliyemwita mwenzake. Upande wetu ulisema tujijengee wenyewe, upande wenu ukasema vivyo hivyo, na watoto wakawa wanateka maji mahali pa wazi huku mamba akionekana akiota jua ng'ambo. Niliogopa, Habiba. Niliona mto utatuchukulia mtoto, na kwamba ule ujirani ulioushona kwa mikono yako tumeuzika pamoja nawe. Basi nikavuka barabara mimi. Nilisimama mlangoni kwenu. Baba Halima alinitazama, akaingia ndani, akatoka na debe. "Hii yako sasa," alisema. "Punda kesho asubuhi iko tayari."

Walikuja wote, wenu na wetu. Nilikaa pale ulipokuwa ukikaa. Nilipoligonga mara ya kwanza, dada zako waligeuka kwa pamoja, wakatazama ukingoni, kisha wakainamia miiba yao. Mlio ni ule ule. Machozi yalinitoka siku nzima na sikuyafuta, maana anayejifuta hufumba macho. Mume wangu alikuwa majini. Halima wako pia. Siku hizi anafunga miiba kutuzidi sisi wakongwe, na yeye haogopi kulowa.

Jua lilipoinama nikaita majina. Kila mmoja aliitika. Nikafika mwisho, lakini hakuna aliyeondoka. Walisimama maji yakiwachuruzika, watoto na wakubwa wote wakinitazama. Nikajua wanangoja nini: jina lako. Ningekuitaje, nami najua hutaitika?

Nikalitua debe chini. Nikatazama mto mara moja tena, huku na huku. Hakuna mtu aliyebaki ndani ya maji.

Basi nikafumba macho, dada.

Pumzika. Watoto wako nchi kavu.

Ni mimi jirani yako,
Mama Amani